Ile Suba Imelala, Wacheni Kuniuliza

Kila wiki lazima mtu aniulize ile Suba ya bluu ilienda wapi. Wengine wanasema niliuza. Kuna mmoja aliandika ati ilipigwa mnada. Haijauzwa na haijapigwa mnada. Iko hapa Kiboko, nyuma ya nyumba ya mwaitu, chini ya banda la mabati, imefunikwa kuanzia boneti hadi buti, na tairi zote nne ziko hewani. Na kuna kitu sijawahi kuwaambia nyinyi mlioanza kunifuata kwa sababu yake: haikuwa yangu hata siku moja. Ni ya brathe.

Sikuwahi kusema ni yangu. Lakini pia sikuwahi kusema si yangu, na mtu akiandika "bazuu umetoboa" nilikuwa namwekea kopa jekundu.

Brathe alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, hizi trela mnaziona zimejipanga kando ya barabara hapa kwetu usiku. Alikopa sacco akanunua Impreza WRX ya 2003, mkono wa tatu, gia za mkono, injini ya tabo. Kama unashangaa kwa nini mtu mwenye akili anakopea Subaru, hukukulia nyumba ya watu wa Safari Rally. Patrick Njiru alikuwa anaendesha Subaru. Mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda Safari na Impreza, 2000 Richard Burns akarudia. Brathe alikuwa mtoto wakati huo, na kuna vitu vikiingia kwa mtoto havitoki.

2021 akapata kazi ya udereva Doha. Akanipa ufunguo na maneno machache: "Usiiendeshe. Itunze tu." Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, niko nyumbani, nina simu na muda mwingi kuliko akili. Kwa hivyo niliitunza vile kila mtu hutunza gari ya mtu aliye ng'ambo. Niliifunika na karatasi ya nailoni, nikavuta hendibreki, na kila Jumamosi nikawa naiwasha dakika kumi.

Hizo dakika kumi ndizo video zenu. Mlio wa injini asubuhi, mimi nikikanyaga mafuta, vumbi likiruka. Na ndizo zilizokuwa zinaiua.

Wacha nieleze hii polepole, kwa sababu najua hata sasa kuna mtu ako kijijini anawasha gari ya mjomba wake akidhani anaisaidia. Petroli ikiungua hutoa maji. Ukiendesha gari hadi ipate joto kabisa, hayo maji yanatoka kama mvuke. Ukiiwasha dakika kumi na kuizima, yanabaki ndani ya bomba la moshi yakila chuma, na mengine yanaingia kwa oili. Halafu betri: kuwasha injini kunavuta moto mwingi kwa mpigo, na dakika kumi za kunguruma pale pale hazirudishi kilichotoka. Kila Jumamosi nilikuwa nakopa kwa betri na silipi. Ilikufa kabla mwaka haujaisha. Nikaazima ya jirani nikaendelea na video.

Na huo ulikuwa wakati wa kiangazi kile kibaya, 2021 hadi 2022, mvua inakataa msimu baada ya msimu. Panya walikuwa na njaa kama sisi wengine. Upepo nao ukawa unasugua ile nailoni juu ya rangi ya gari, na katikati kuna vumbi jekundu la Kiboko. Hiyo ni msasa. Sikuona chochote kwa sababu kwenye simu rangi ilikuwa bado inang'aa.

Brathe alirudi likizo Novemba 2023, mvua za El Niño zinamwagika. Likizo ya miezi miwili, na alikuwa ameipanga yote kwa hiyo gari. Akafungua boneti akakuta kiota kilichojengwa kwa sponji ya kiti na maganda ya mahindi ya mwaitu, na waya zimetafunwa hadi shaba inaonekana. Breki za nyuma zilikuwa zimegandana kwa sababu ya ile hendibreki niliyoacha juu miaka miwili, tukazigonga na nyundo. Tairi zilikuwa zimesimama mahali pamoja hadi zikapata bapa upande wa chini. Siku ya kwanza alipofika kasi ya kwenda Emali, usukani ukatetemeka kama mtu mwenye malaria. Kuku alikuwa ametaga kwa kiti cha nyuma. Hiyo ilikuwa ya kuchekesha lakini hakuna aliyecheka.

Ukarabati ulikula shilingi 74,000. Katika likizo nzima aliendesha gari yake siku tisa.

Hakunifokea. Aliniuliza tu, tukiwa tumeketi kwa mawe tukingoja fundi, "Zile video zilikulipa ngapi?"

Zilikuwa zimenilipa 6,400. Duka moja la vifaa vya magari, tangazo moja.

Kabla arudi Doha Januari 2024 alikuja na video ya Mjerumani mmoja akilaza Porsche yake kwa sababu majira ya baridi yanakuja. Kule wanafanya hivyo kila mwaka. Theluji ikianza, barabara zinamwagiwa chumvi, chumvi inakula chuma, kwa hivyo gari ya raha inaingia gereji Novemba na kutoka Machi au Aprili. Yule mzee alikuwa anafanya kazi taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Mimi nikacheka, Kiboko tutapata theluji wapi? Brathe akasema, "Wewe tazama mikono yake."

Tulitumia siku tatu. Kwanza kuosha, na si juu tu. Tope la mvua lilikuwa limejaa ndani ya matao ya tairi, na tope hushika unyevu hata jua likiwaka. Tukaiacha ikauke siku nzima. Tukamwaga oili ya zamani ikiwa ya moto, tukaweka mpya na kichungi kipya. Oili iliyotumika ina asidi na maji ndani yake, na hutaki hivyo vilale na injini miaka miwili. Fundi akasisitiza tubadilishe pia mkanda wa taimingi. Brathe akasita, ni pesa. Lakini kwa injini ya EJ20 mkanda ukikatika, valvu na pistoni zinakutana, na mpira huzeeka kwa joto hata gari ikiwa imesimama. Tukabadilisha.

Ile sehemu niliyocheka zaidi kwa video ni Mjerumani akipima maji ya rejeta yasije yakaganda kwa baridi. Hapa watu wanajaza maji ya kawaida kwa sababu hakuna kitakachoganda. Sasa angalia birika ya mwaitu, ule ukoko mweupe ndani. Ni chumvi ya maji ya kisima. Huo ukoko ndio unaingia kwa rejeta yako. Kulanti inazuia kutu pia. Tukamwaga yote tukajaza kulanti.

Tanki tukajaza pomoni, kukiwa petroli inapita shilingi 200 kwa lita, kwa hivyo elewa ni mapenzi. Tanki nusu ina hewa, hewa ina unyevu, na unyevu ni kutu. Tatizo ni kwamba Mjerumani analaza gari miezi mitano na sisi tunailaza 24, na petroli ya miaka miwili haifai kitu. Kwa hivyo tulikubaliana: kila baada ya miezi mitano hivi naishusha, nanunua bima ya mwezi mmoja, naenda nayo Makindu na kurudi hadi injini ishike joto kabisa, naongeza petroli mpya, narudisha. Hakuna kuwasha katikati. Wala simu haitoki mfukoni.

Betri tuliitoa kabisa, ncha hasi kwanza. Iko stoo juu ya ubao, imeunganishwa na paneli ndogo ya sola na kile kidude cha kudhibiti chaji. Hii Mjerumani hana. Yeye anachomeka ukutani, mimi nina jua la Makueni bure. Tairi tukajaza upepo kuliko kawaida, kisha tukainua gari kwa stendi nne zilizochomelewa na mtu wa jua kali. Hendibreki chini. Bomba la moshi na mdomo wa kuvutia hewa tuliziba na stilwuli ya kuoshea sufuria, maana panya hapendi kuitafuna na nyigu hawapiti. Kisha tukafunga kitambaa chekundu kwa usukani, ili mtu asije akaiwasha akisahau. Mtu huyo ni mimi. Juu tukaweka kifuniko cha kitambaa kinachopumua, kimefungwa kamba chini ili upepo wa Chyulu usikichezeshe. Na mwaitu akaleta paka.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini sina video mpya. Gari iliyolazwa vizuri haina cha kuonyesha.

Sasa maoni yangu, na brathe atasoma hii. Nafikiri auze. Nilipiga hesabu ya kulaza hii gari miaka miwili: oili, mkanda, kulanti, petroli, stendi, bima za mwezi. Kwa hizo pesa mwaitu angepata tangi kubwa la maji, na msimu ukikataa tena mnajua tangi ni nini hapa. Mwaitu mwenyewe husema hiyo ni ng'ombe asiyekamuliwa, na hata hivyo ndiye anayefagia banda. Na mko wengi mlio Doha, Riyadh, Dubai, mmeacha gari nyumbani na neno moja, "itunze". Hilo neno lina kazi ndani yake, ina gharama, na kuna kijana ako huku hajui hata aanzie wapi na anaogopa kukuuliza asionekane mjinga. Mtumie pesa ya mkanda au uza. Usirudi umkasirikie.

Nilimwambia brathe haya kwa simu. Akanyamaza, nikasikia basi zikipita upande wake. Akasema kuna siku joto ni 45 na amekaa kwa usukani saa kumi, na anachofikiria ni gia ya tatu kupanda kutoka Emali madirisha yakiwa wazi. "Nikiuza, nitakuwa narudi nyumbani kufanya nini?" Nikamwambia kuna mama na kuna mimi. Akacheka, akasema, "Wewe nakudai."

Ni kweli. Katika zile 74,000 nimemrudishia 43,000. Zimebaki 31,000, na mkataba wake unaisha Januari 2026.

Jumamosi iliyopita nilipima betri alfajiri, kabla jua halijashika paneli, kwa sababu mchana mita inakudanganya. 12.7. Stilwuli iko mahali pake. Paka amezaa watatu chini ya bampa ya mbele, nimewaacha hapo hapo.