Moyo Umepona. Na Akili Je?

Ukienda kumwona mtu aliyepasuliwa moyo, sikiliza watu wanamuuliza nini. Kidonda kimekauka? Anakula? Presha iko ngapi? Anapanda ngazi? Jamaa wanauliza hivyo, kliniki wanauliza hivyo, hata mchungaji akija kuomba anauliza hivyo. Hakuna anayeuliza kama bado anafuata hesabu zake ama kama anakumbuka alichoambiwa asubuhi. Na kwangu mimi, hilo ndilo swali linaloonyesha kama mtu amerudi nyumbani mzima.

Babangu ni fundi wa nguo Nakuru. Amekaa kwenye cherehani zaidi ya miaka 30 na hakuwahi kuwa na daftari la vipimo. Umepimwa Januari, ukirudi Agosti anakwambia, "Wewe kiuno ni 34, na bega la kulia limeshuka kidogo." Watu walikuwa wanamletea vitambaa kwa sababu ya hicho kichwa. Cherehani kila mtaa inayo.

Mishipa mitatu ya moyo wake ilipoziba, tulifanya harambee, tukauza kipande cha shamba, na karo yangu ya mwaka wa pili ikaenda huko pia. Sijarudi chuo. Silalamiki, na leo hii ningechagua vile vile. Lakini ukilipa bei kama hiyo, una haki ya kuelezwa yote. Tulielezwa kuhusu damu kuvuja, maambukizi, kiharusi na kifo, tukatia sahihi. Kuhusu akili kupungua kasi, hakuna mtu alifungua mdomo.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, mzee alikuwa anaona watu wakishona mapazia kwenye dari. Sista akasema ni kuweweseka tu, kutaisha. Kweli kuliisha. Kumbe hiyo haikuwa yote. Wiki ya kumi, akiwa amerudi dukani, alikata suruali ya mteja nikaona vipande vyote vya mbele ni vya upande mmoja.

"Baba, hii miguu yote ni ya kushoto."

Akaiangalia muda mrefu. "Hiki kitambaa ni kibaya," akasema.

Shangazi alisema ni uzee. Jirani akaanza kunong'ona mambo ya kurogwa. Mama alidhani amekata tamaa ya maisha. Kila mtu alikuwa na jibu lake, ilhali hii kitu madaktari wameichunguza miaka mingi na hata wakaibandika jina la utani linalomaanisha "kichwa cha pampu".

Pampu yenyewe ni mashine ya moyo na mapafu. Katika upasuaji kama wa mzee, mara nyingi moyo husimamishwa, halafu mashine inasukuma damu na kuitia oksijeni wakati daktari anaunganisha mshipa mpya kupita pale palipoziba. Ni mashine iliyookoa watu wengi sana tangu John Gibbon aitumie kwa mafanikio Philadelphia mwaka 1953. Lakini mshipa mkuu ukibanwa, vipande vidogo vya mafuta yaliyoganda vinaweza kubanduka vikaelekea kwenye ubongo. Viputo vya hewa navyo vinaweza kupita. Presha inaweza kushuka, na mwili mzima unapata uvimbe wa ndani kwa kule kushtuliwa.

Mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 261. Siku za kutoka hospitali, asilimia 53 walikuwa wameshuka kwenye vipimo vya kumbukumbu na umakini. Baada ya miezi 6 wakabaki asilimia 24. Baada ya miaka 5 ikapanda tena, asilimia 42.

Ukiishia hapo utakimbia upasuaji. Usikimbie. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha. Watafiti wa Johns Hopkins walipowafuata pia wagonjwa wa moyo ambao hawakupasuliwa, waliona kwamba baada ya miaka nao walishuka kwa kiasi kinachokaribiana. Na Uholanzi, waliopasuliwa bila hiyo mashine hawakuwa na nafuu kubwa miaka 5 baadaye kuliko waliounganishwa nayo. Maana yake ni kwamba kushuka kwa mwanzoni kunaweza kutokana na upasuaji wenyewe, na kwa wengi kunapungua ndani ya miezi. Kushuka kwa miaka ya mbele kunaelekea zaidi kwenye ugonjwa wenyewe, kwa sababu presha, sukari na sigara zinazoharibu mishipa ya moyo zinaharibu ya kichwa pia.

Kwetu, kujua hivyo kulibadilisha mambo. Tulipohesabu tembe za presha za mzee, tukapata amekuwa akizisahau. Yaani alikuwa anasahau dawa zile zile zinazolinda ubongo wake. Sasa mama anampa kila jioni.

Najua kuna wanaosema ukimwambia mgonjwa haya yote ataogopa, akatae upasuaji, afe. Mimi naona kunyamaza kunaumiza zaidi. Mzee alikaa miezi akidhani anakuwa mwendawazimu, akasingizia kitambaa, akafukuza wateja wawili ili wasigundue. Mtu aliyekubali kupasuliwa kifua hashindwi kusikia kwamba anaweza kusahau kwa muda. Aibu ndiyo ilikuwa inammaliza, na aibu hiyo ingeondolewa na maneno ya dakika tano.

Leo hii ana daftari. Hakulipenda, lakini vipimo viko humo na kazi inatoka. Ile kasi yake ya zamani haijarudi yote, na sijui kama itarudi.

Kama kwenu kuna mtu anasubiri upasuaji wa moyo, mwende. Ila kabla ya sahihi ulizeni hatari ya yeye kuweweseka na kusahau ni kiasi gani, hasa kama ana umri mkubwa ama alishawahi kupata kiharusi. Mpelekeeni miwani yake wodini, mwacheni alale usiku, mmwambie ni siku gani na yuko wapi. Akizidi kupotea, ama mdomo au mkono ukilegea ghafla, itaneni daktari hapo hapo, msingoje kesho.

Na akishafika nyumbani, msimuulize ngazi tu. Akiwa na nguvu, mpe kazi yake aliyoizoea, kaa kando, umwangalie anavyoifanya.