Ukikaribishwa Baoni Bukoba

Huenda siku moja barua ya uhamisho itakufikia ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Morogoro, nayo ikakutaka uripoti Bukoba. Jamaa watakupa nasaha nyingi: uchukue koti kwa ajili ya mvua, ulizoeze tumbo ndizi za asubuhi na jioni, na usikimbie utakapowekewa senene mezani msimu wake ukiwadia. Nasaha hizo ni njema. Lakini sijapata kumsikia mtu akimweleza mgeni namna ya kuketi mbele ya bao, na kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko koti. Ndilo litakaloamua kama mwezi wa tatu utakukuta una watu wa kuzungumza nao, au ungali ukila peke yako chumbani huku ukihesabu siku za likizo.

Mji wenyewe hautakusumbua. Ziwa Victoria liko mashariki na kisiwa cha Musira kimekaa mbele yake. Vilima viko magharibi. Katikati ni maduka, stendi, soko na uwanja wa Kaitaba. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani hapa mwaka 1890, na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi ambazo wenyeji bado wanakumbuka zilisimama wapi. Kwa siku mbili za kutembea kwa miguu utakuwa umekwisha kuzijua njia zake.

Baada ya saa za kazi, pita Hamugembe au Kashai bila haraka. Chini ya mwembe, au barazani mwa duka, utawaona wanaume wamezunguka kitu. Pengine ni drafti, na visoda vinapigwa kwa kishindo. Pengine ni karata. Lakini palipo na kimya, kisha mlio mwepesi wa mbegu zikianguka moja moja, kisha kicheko cha ghafla, hapo ni baoni. Toa shikamoo kwa waliokuzidi umri, simama nyuma, na usifundishe mtu. Ukipewa kahawa ya kutafuna, pokea. Buni hizo zilizochemshwa na kukaushwa ndiyo karibu ya Wahaya tangu zamani, na kuzikataa ni kama kukataa mkono ulionyooshwa.

Siku itafika utaambiwa, “Mgeni, keti.” Hapo ndipo mengi huharibika.

Tuanze na bao la Kiswahili, lile tulilolizoea pwani. Mbele yako pana mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete zote ni 64. Safu mbili zilizo karibu nawe ni zako, mbili za ng’ambo ni za mwenzako. Katika safu yako ya mbele, hesabu kutoka kushoto: shimo la tano, ambalo kwa kawaida huchongwa kwa pembe nne, ndilo nyumba. Nyumba ya mwenzako nayo ni ya tano kutoka kushoto kwake, na kwa kuwa ninyi mmetazamana, nyumba hizo mbili hazikabiliani. Yake inatazamana na shimo lako la nne. Wageni wengi hulisahau jambo hili dogo, wakaitafuta nyumba ya adui mahali isipokuwapo.

Mchezo unapoanza, nyumba huwa na kete sita, na mashimo mawili yaliyo mara tu kuliani kwake yana kete mbili mbili. Kete 22 zilizobaki unazishika akiba, nawe huziingiza moja moja kila zamu. Hatua hiyo ndiyo namua. Zikiisha, huja mtaji. Shimo la mwisho la kila upande wa safu ya mbele huitwa kichwa, na linalolifuata huitwa kimbi. Usiyadharau majina hayo. Ukila katika kichwa au kimbi cha kushoto, kete ulizokula huanza kugawiwa kutoka kichwa cha kushoto. Ukila upande wa kulia, huanzia kichwa cha kulia. Ukila katikati kwa pigo la kwanza, unachagua mwenyewe. Basi kabla hujagusa kitu, jiulize kete ya mwisho itaangukia wapi. Ikiangukia shimo tupu, umelala na zamu imekwisha. Ikiangukia penye kete, safari inaendelea.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo Bukoba inapotofautiana na kwenu. Katika bao la Kiswahili, kete zinazoliwa ni za safu ya mbele tu. Safu ya nyuma ni salama. Mchezaji wa pwani huficha mali yake nyuma na kulinda mbele kwa kiasi, kwani safu ya mbele ikibaki tupu ameshindwa, hata kama nyuma amejaza. Lakini mkoa wa Kagera umepakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Majirani wa Buganda wana omweso na Wanyarwanda wana igisoro, na michezo yote hiyo huchezwa juu ya mashimo 32 yale yale kwa kete 64 zile zile. Kwa macho, mgeni hawezi kutofautisha.

Katika omweso hakuna nyumba. Kila mchezaji huzipanga kete zake 32 apendavyo. Kete yako ya mwisho ikitua katika shimo la mbele lenye kete, na mashimo mawili ya mwenzako yaliyo mkabala nalo, la mbele na la nyuma, yote yana kete, unazoa yote mawili. Kwa hiyo ile safu ya nyuma uliyodhani ni kabati lenye kufuli, kumbe ni meza iliyotandikwa. Fundi wa pwani akikaa hapo bila kuuliza, atanyang’anywa akiba yake yote kabla chai haijapoa, na watazamaji watacheka hadi kushika mbavu.

Wala hili si la Afrika peke yake. Wamarekani walipoupokea mchezo wa Kichina wa mahjong katika miaka ya 1920, walijitungia taratibu zao, na chama chao cha National Mah Jongg League, kilichoanzishwa mwaka 1937, hutoa kila mwaka kadi mpya ya mipango inayokubaliwa kushinda. Mchina akiketi nao bila kadi hiyo, vigae anavitambua vyote na mchezo haujui.

Nalijua swali lako: je, mtu hawezi kujifunza kwa simu? Anaweza. Programu za bao zipo, na vijana huzicheza ndani ya basi kutoka Muleba hadi mjini. Safu zako zinakuwa chini ya kioo, za mpinzani juu, na unagusa shimo tu, kete zinajigawa zenyewe. Faida yake ninaiona hasa kwa binti zetu. Baraza la bao kwa desturi limekuwa la wanaume, na msichana anayepita na ndoo hakaribishwi kuketi. Simu haimuulizi mtu jinsia yake. Mama wa nyumbani naye aweza kujifunza huku sufuria ikichemka, na sioni kwa nini jioni asiwakabili watoto wake kwa bao la mbao.

Lakini kioo kina uvivu wake. Kinakuhesabia. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt, aliyechapisha mwaka 1995 utafiti wake juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, alishughulikia hasa uwezo wa akili zao kuhesabu mbali, duru baada ya duru, kete zikiwa hazijaguswa. Uwezo huo haupatikani kwa kutazama kete zikijiendesha. Ukijifunzia kwenye simu, taja shimo la mwisho kimoyomoyo kabla hujagusa, kisha uone kama ulikuwa sahihi. Aidha, tambua kwanza programu hiyo inafuata kanuni zipi, maana nyingi zimetengenezwa mbali na ziwa hili na mbali na pwani yetu.

Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama upande wa pili wa ziwa, alijulikana kwa kulipenda bao, na picha zake akiwa ameliinamia zipo. Utazame uso wake katika picha hizo, utaona kuwa mtu anayehesabu hana nafasi ya kuzungumza.

Basi utakapoambiwa keti, iweke simu mfukoni. Usiguse kete. Mgeukie aliye mkubwa wako kwa umri na umuulize, “Mzee, hapa tunacheza la wapi?” Atakujibu, na kwa kawaida jibu litakuwa refu, kwa sababu wa kushoto atampinga, na wa kulia atasimulia namna baba yake alivyocheza. Wakati wakibishana, hesabu mashimo yako.