Barabara Inayoanzia kwa Wangari

Ukifuata kwenye ramani ile barabara inayotaka kupasua msitu wa Aberdare, upande wa Nyeri inaanzia Ihithe, kijiji alikozaliwa Wangari Maathai mwaka wa 1940. Kutoka hapo ni kilomita 52 hadi Ndunyu Njeru, Nyandarua, na njiani inakata msitu na hifadhi ya taifa.

Huku Kerugoya, wengi niliowasikia wanaitaka. Jamaa mmoja wa stejini anayesafirisha viazi aliniuliza, "Kwani ndovu amewahi kukununulia unga?" Nilicheka, lakini ana hoja. Mkulima wa Kinangop akitaka kufikisha mzigo Nyeri, lazima azunguke milima yote. Na hakuna mtu aliyekulia kwenye matope yetu ya mwezi wa nne anayechukia lami.

Ndiyo sababu kuna tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya 1999 inataka ifanywe kabla tingatinga haijawashwa. Kanuni za 2003 zinataka mikutano isiyopungua mitatu na wanaoguswa, na ripoti ieleze njia mbadala. Kwenye karatasi, poa kabisa. Lakini anayelipia tathmini ni yule yule anayetaka kujenga. Ni kama muuza ng'ombe kuja sokoni na daktari wake wa mifugo. Huenda daktari ni mkweli, lakini wewe mnunuzi utamkagua huyo ng'ombe tena.

Kazi ya kukagua tena ni ya NEMA. Kwa barabara hii, iliwahi kusema hapana. Januari 2024 ikasema ndiyo, pamoja na masharti. Kesi ikafika mahakamani Nyeri na kazi ikasimamishwa kwa amri. Mimi swali langu ni moja: kati ya hapana na ndiyo, ni nini kilibadilika mle msituni? Bongo wa milimani, ambao porini hawafiki 100, hawakuongezeka ghafla. Mianzi haikuhama.

Halafu kuna hilo neno "wanaoguswa". Kwa kawaida mikutano huitwa karibu na mradi, na hiyo ni haki yao walio karibu. Lakini maji hayakai karibu. Wewe unayesoma hii ukiwa Kasarani, sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Ndakaini, bwawa linalojazwa na mito ya Aberdare. Sisi wa Kirinyaga tuna Thiba yetu kutoka Mlima Kenya, lakini nayo huishia Tana, mto ambao chanzo chake ni huko Aberdare. Mabwawa yanayotupa stima yako kwenye Tana hiyo hiyo. Sasa niambie nani hajaguswa.

Sisemi mkulima abaki na matope. Wapinzani wa mradi wametaja kuboresha barabara zilizopo, zinazozunguka msitu. Hiyo njia ingepimwa kwa uzito ule ule: gharama yake, muda wake, na mkulima angeokoa nini.

Kipengele cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali iwe na mifumo ya tathmini hizi na ihimize wananchi kushiriki. Ripoti ikitangazwa gazetini, mtu yeyote anaruhusiwa kutuma maoni, hata asiye na shamba huko. Muda wa kuandika huwa na kikomo. Tusiugundue ukiwa umeisha.