Nguvu ni ya Kuvuta Upinde, Sio ya Kuongeza Dadu

Wasee wa D&D, leo tubishane kuhusu upinde.

Kwa toleo la 2014, ukimpiga adui rungu unaongeza nguvu zako kwa dadu. Ukimpiga mshale unaongeza wepesi, nguvu haihesabiwi. Yaani msee mwembamba kama mimi anavuta upinde mrefu sawa na jitu la gym? Zii.

Waata, wawindaji wa ndovu kule Tsavo, walikuwa na pinde za kuvutwa kwa zaidi ya kilo 45. Hiyo ni karibu mfuko mzima wa simiti, na unauvuta kwa vidole! Kama huna misuli, upinde haupindi, stori imeisha.

Lakini pia nguvu haiui ndovu. Inayoua ni sumu. Sisi Wakamba tunaijua, tunaitoa kwa mti wa kivai, na inasimamisha moyo. Kazi ya nguvu ni kupenyeza mshale kwa ngozi. Ikishaingia, sumu haiulizi nani alivuta.

Toleo la 2000 lilikaribia: kuna pinde zilitengenezwa kwa kiwango fulani cha nguvu, na hupati zaidi ya hapo hata ukiwa Samsoni.

Sheria yangu ni hii: kila upinde na kiwango chake. Ukikifikia, unavuta. Ukizidi, huongezwi kitu. Sumu ina dadu zake, na mwembamba anayejua kuipika ana kazi mezani.

Anayebisha aje na dadu zake.