Nilikula popcorn ya bure, muvi ya cuzo ikatolewa Alhamisi

Acha nijianike mwenyewe kabla mtu mwingine anianike. Kuna muvi ya Kenya ilikufa mwaka uliopita na mimi ni mmoja wa waliochimba kaburi. Sikuiiba. Sikuiweka Telegram. Sikuisema vibaya popote. Nilienda tu kwa uzinduzi Alhamisi usiku, nikapigwa picha kwenye zulia jekundu, nikala popcorn ya bure na soda mbili, nikarudi keja kulala. Posti yangu ya kuwaambia mwende muione niliiweka Jumatano iliyofuata, saa tatu usiku. Kesho yake muvi ikatolewa.

Mwenye muvi ni cuzo wangu, mtoto wa mjomba. Ilimchukua miaka mitatu kutengeneza kitu ya dakika 94, yote imepigwa Umoja na Kariobangi South. Alichukua mkopo wa chama. Akauza Probox yake. Mjomba, ambaye hata hajui cuzo hufanya kazi gani haswa, akauza ng'ombe wawili. Jina la muvi silitaji kwa sababu ameniomba, na sinema siitaji kwa sababu mkisoma mtaona hao hawakukosea mtu, walifanya kazi yao tu.

Mimi nilikuwa nadhani sinema ni kama duka. Unapeleka muvi yako, inawekwa kwa rafu, inakaa hapo hadi watu wachoke. Jumapili baada ya kila kitu kuharibika nilienda kwake Donholm na mkate na maziwa, kuomba msamaha bila kusema neno msamaha, unajua venye tunafanyanga. Akanipikia chai. Halafu akaniuliza, "We mtoto wa shangazi, unajua Jumamosi tulikuwa wangapi mle ndani?"

Nikasema labda hamsini.

"Kumi na mmoja. Na wanne walikuwa kwetu."

Wiki ya sinema huanza Ijumaa na kuisha Alhamisi. Jumatatu asubuhi mtu anakaa chini na hesabu za wikendi, anaangalia kila muvi imeuza tiketi ngapi, kisha anapanga ratiba ya wiki inayofuata. Ni hapo tu. Hakuna mtu hapo anauliza muvi ilikuwa nzuri aje, au mjomba wa nani aliuza ng'ombe. Ijumaa cuzo aliuza tiketi 9, Jumamosi 11, Jumapili 17. Hizo ni 37, kwa bob 600 kila moja, jumla 22,200. Mkataba wao ulikuwa nusu kwa nusu baada ya makato, kwa hivyo mkononi mwake hata 11,100 haifiki. Posta peke yake alikuwa amelipa 14,000.

Na ule usiku wa uzinduzi, wakati ukumbi ulijaa hadi wasee wakasimama? Hiyo ni sufuri. Zote zilikuwa tiketi za mwaliko. Mimi, mbogi yangu, wasanii, watu wa kanisa la mamake, na jamaa mmoja anayekuja kila uzinduzi Nairobi na hakuna mtu anajua alialikwa na nani. Tulijaza viti 180 na hakuna shilingi hata moja ilionekana kwa kompyuta ya sinema. Kumbe ukumbi wenyewe cuzo alikuwa ameulipia. Mimi nilikuwa gharama, bana. Nilikaa pale nikijiona nimemsaidia kwa kufika.

Jumatatu muvi yake ikapunguzwa, kutoka maonyesho matatu kwa siku hadi moja, saa sita mchana. Nani anaenda sinema Jumanne saa sita mchana? Walimu wako shule, wanafunzi wako shule, na wasio na kazi hawana 600. Kufika Alhamisi ilikuwa imebaki jina tu.

Unaweza kukasirikia sinema. Mimi nilikasirika. Lakini sinema inalipa kodi ya nyumba kwa mall kama duka la viatu, na pesa nzuri hawaipati kwa tiketi, wanaipata kwa popcorn na soda. Kiti tupu hakinunui popcorn. Halafu Ijumaa iliyofuata kulikuwa na muvi kubwa ya nje inakuja, na msambazaji wa muvi kama hiyo haji kuomba. Anakuja na masharti: ukumbi mkubwa, saa za jioni, wiki mbili bila kuguswa. Ukikataa, nyingine kubwa hupati kwa urahisi. Sasa wewe mwenye sinema, unaweza kumtoa huyo umwachie cuzo wangu na watu wake kumi na mmoja? Mimi nisingeweza, na huyo ni damu yangu.

Kuna kitu kingine kuhusu hizo muvi kubwa. Zikifika siku ya kwanza, kazi ya kukuleta pale ilishafanywa kitambo. Kumbuka Barbie, Julai 21, 2023. Iliripotiwa kuwa studio ilitumia karibu dola milioni 150 kwa matangazo peke yake, yaani zaidi ya pesa za kutengeneza muvi yenyewe. Ukajua tarehe miezi kadhaa mapema hata kama haukutaka. Watu wakatafuta nguo za pinki. Ama Black Panther, Februari 2018, ilipozinduliwa Kisumu, nyumbani kwa kina Lupita, babake akiwa gavana. Hiyo ni akili. Hawakukuambia muvi ni nzuri. Walikuambia lini, wapi, na kwamba wenzako wote watakuwa huko.

Utaniambia Hollywood wana doo. Sawa, twende Lagos. Funke Akindele alitoa A Tribe Called Judah Desemba 2023, na kabla ya Januari kuisha ilikuwa imepita naira bilioni moja kwa sinema za nyumbani, muvi ya kwanza ya Nigeria kufika hapo. Yule mama anauza muvi kama mtu anauza sukuma sokoni. Anacheza densi kwa video fupi na waigizaji wake, anaenda kumbi zenyewe kukutana na watazamaji, anakukumbusha mpaka unaenda ndio akuwachilie. Na kifaa chenyewe ni simu. Simu! Si hata mimi niko nayo.

Na tafadhali usiniambie Wakenya hawapendi muvi za Kenya. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku na bodi ya filamu Aprili 2018, mwezi mmoja kabla iende Cannes. Septemba mahakama ikasimamisha hiyo marufuku kwa siku 7, kwa sababu ili muvi ifikiriwe kwa Oscar ilihitaji kuonyeshwa kwa sinema ya kwao siku 7 mfululizo. Story yenyewe mkitaka tutabishana siku nyingine, leo naongea biashara. Watu walipanga laini Prestige, Ngong Road. Kumbi zikajaa, hata mchana. Mchana, siku ya kazi, Nairobi hii yenu. Walienda kwa sababu kila mtu alijua siku ni 7, ya nane hakuna.

Sasa hiyo ndio kitu imekuwa ikinisumbua. Karibu kila muvi ya Kenya ikiingia sinema ina siku 7. Ya cuzo ilikuwa na 7. Tofauti ni kwamba hakuna jaji wa kusimama akutangazie.

Sisi tumezoea kuwa muvi inangoja. Mimi nililelewa kwa kibanda cha bob kumi, benchi za mbao, DJ Afro akiongea juu ya Wachina, na msinianze, nampenda DJ Afro hadi kesho. Lakini kwa kibanda hakuna muvi inaisha. Ukiikosa leo utaiona Jumamosi. Kwa duka la muvi unapeleka flashi unajaziwa, hata ya mwaka 2009 iko. Tukakua tukijua muvi ni kitu cha kukungoja, na kwamba mwenye muvi ako mahali mbali sana, hakujui, na hana mkopo wa chama. Kwa hivyo cuzo alipoweka tarehe, wengi wetu tulijibu "nitaicheki" na tulimaanisha. Hakuna mtu alidanganya. Hata mimi nilikuwa naingoja wikendi inayofuata niende na mbogi kamili, tulipe.

Kumbi zenyewe ni chache, hiyo nakubali. Ingia mathree town usikie makanga akiita Odeon, Globe. Ukienda Thika Road kuna Drive Inn, Mombasa Road kuna Bellevue. Hayo yote ni majina ya sinema. Tunashuka kwa makaburi kila asubuhi na hatujui. Sahi sinema ni kitu ya mall, na ukiwa kaunti nyingi za nchi hii hata mall yenye sinema hauna. Muvi ya ndani inapigania skrini za kuhesabu, na kabla ifike hapo ni lazima bodi iitazame na kuipa daraja: GE, PG, 16, au 18. Hata posta hupitia kwao. Ya cuzo ilipata 16 kwa sababu ya matusi ya ndani ya mathree, na hapo akapoteza watoto wa Form Two ambao ndio walikuwa wanashea trela kuliko watu wote. Akikata matusi, mathree haifanani na mathree. Akaacha.

Sasa nirudi kwa posti yangu. Nilipoiweka Jumatano ilitembea. Video ya dakika moja, nikiwa na ile picha ya zulia jekundu, ikafika watazamaji elfu arobaini kufika Ijumaa asubuhi. Nilifurahi aje! Ijumaa jioni mtu akanitumia picha akiwa kwa kaunta ya tiketi na wenzake. Nilihesabu vichwa 23. Alikuwa ameandika, "Wanasema haiko." Nikampigia cuzo haraka nikidhani ni makosa ya yule wa kaunta. Nikamwambia, Sis, waambie waiweke hata mara moja tu, watu wako hapo na pesa.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Ufunguo ulikufa saa sita usiku."

Mimi nilikuwa sijui hata kuna ufunguo. Siku hizi muvi haifiki kwa sinema kama mkanda. Inafika kama faili kubwa ndani ya diski, inaitwa DCP. Mwenye muvi akitaka isiibiwe anaifunga, kisha anatumia sinema ufunguo wa kidijitali unaoitwa KDM. Na huo ufunguo ni mjeuri. Unafungua muvi moja, kwa mashine moja iliyotajwa, kuanzia saa fulani ya tarehe fulani hadi saa fulani. Ukipita hapo, diski ni chuma tu. Cuzo aliifunga yake kwa sababu aliogopa kuiona Telegram, na ufunguo wake ulifuata mkataba, Ijumaa hadi Alhamisi. Angeweza kuagiza mwingine, hiyo si shida. Shida ni kwamba ukumbi wake ulikuwa tayari unaonyesha ile kubwa, na nje kulikuwa na laini.

Wale 23 walinunua tiketi za hiyo nyingine. Waliniambia ilikuwa poa.

Huko Donholm, tukiwa tumemaliza mkate, ndio nilielewa kuwa nimemgharimu mara mbili. Tunasemanga "ameuza muvi" kama vile ni kiatu. Muvi inakodishwa vipande vipande: haki za sinema, haki za TV, haki za mtandao, hata za ndege, na kila kipande kina nchi zake na miaka yake. Wale wa vipande vya mbele wanauliza swali moja kwanza: kwa sinema ilifanya aje? Cuzo alikuwa amepata barua pepe kutoka kwa mtandao mmoja wa kutazama muvi. Walitaka Afrika nzima, miaka mitatu, wao peke yao, malipo ya mara moja. Walikuwa wameona hesabu ya wiki yake. Pesa waliyotaja ingemaliza deni la chama na ibaki ya nauli.

Upande mwingine, kulikuwa na vijana Nakuru na wengine Mombasa wanataka aipeleke kwa kumbi zao, siku moja moja, watu walipe 200. Akisaini ile karatasi, hawezi. Asiposaini, chama kinakutana tarehe tano kila mwezi na mwekahazina ni jirani yake.

Akaniuliza mimi ningefanya nini. Mimi, mtu wa Jumatano usiku. Nikamwambia nipe tarehe za Nakuru kwanza, nitaanza kuposti wiki tatu kabla, kila siku, na ya kwangu nitalipa. Akacheka ile ya kutoamini. Hadi leo hajasaini, na Nakuru hawajamjibu kuhusu ukumbi. Diski iko kwake kwa droo ya chini ya TV, ndani ya soksi ili isipate vumbi.