DNA, Washirazi na mate ya mjomba

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu tuongee damu. Au tuseme mate, maana kipimo cha DNA cha kutafuta asili hakitaki sindano: unatema mate kwenye kichupa, unakituma, majibu unayasoma kwenye intaneti.

Mimi baba ni Mbukusu wa Webuye, mama ni Mswahili wa Lamu. Upande wa mama nimekua nikiambiwa sisi ni Washirazi, wazee wetu walikuja na jahazi kutoka Uajemi. Mwalimu wangu wa historia aliposikia hayo alicheka tu.

Basi mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya mwenzetu, ni mmoja wa waliouongoza. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya DNA ni ya Kiafrika, hasa kutoka kwa akina mama. Ile ya Asia ililetwa zaidi na wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo nyanya hakuwa akitunga, na mwalimu naye hakukosea kabisa.

Hapo nikataka kupima. Lakini kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu. Yangu ni ya Webuye! Ile ya babu mzaa mama anayo mjomba. Anayefaa kutema mate ni yeye.

(Zile asilimia za asili sizitegemei sana. Kompyuta inakulinganisha na sampuli ilizonazo tu. Katika data ya wazi ya mradi wa 1000 Genomes ya mwaka 2015, kati ya watu 2504, kundi la Kenya ni moja: Waluhya wa Webuye, watu 99. Waswahili hawamo.)

Nikampigia mjomba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mjomba, mate ni yangu lakini majibu ni ya watu wote. Akitokea mtoto wa marehemu tusiyemjua, nyanyako utamwambia nini?"

Sikuwa na jibu. Ndugu wa baba mmoja hushiriki takriban 25% ya DNA, na kompyuta haina aibu: wote wawili wakiwa kwenye hifadhidata moja na wameruhusu kulinganishwa, itawaonyesha. Na babu alikuwa baharia.

Tena kuna usalama. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu takriban milioni 6.9 wa 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Nywila ikiibwa unabadilisha. DNA je? Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu kuwa data nyeti, sawa, lakini seva iko ng'ambo.

Kwa sasa nimeweka Gramps, programu huria ya nasaba, na mjomba hunitajia majina kila Ijumaa baada ya sala. Tumefika kizazi cha saba. Nyanya bado hatujamuuliza habari za bandari za babu. Mama amenikataza kumuuliza kwa simu, anataka twende Lamu pamoja.