Mkono wa Gia Usiohesabu

Nilipoingia katika ufundi wa baiskeli pale Darajani, Unguja, nikiwa kijana nisiyejua ila kuziba pancha na kunyoosha spoki, tulizozitengeneza aghalabu zilikuwa Raleigh na Phoenix zile nzito, zisizo na gia, wala hazikuwa na jambo la kumfikirisha mtu. Elimu yangu hasa ilianza yalipokuja makontena ya baiskeli kuukuu kutoka Ulaya na Japani, kwani mlikuwamo magurudumu ya kila namna, haya ya gia tano, yale ya saba, mengine ya tisa, na mara nyingi mkono wa gia ulikuwa umevunjika au umepotelea njiani.

Ustadhi wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache na sikio kali, naye alinifunza kwanza ule mkono wa zamani ushikwao na msuguano mtupu: washa zake hubanwa kwa skrubu kiasi cha kuushinda mvuto wa springi iliyo nyuma, basi popote uuachapo hukaa. Hauna alama wala mlio. Mwendeshaji huuvuta mpaka mnyororo upande, akaupitisha kidogo, kisha akaurudisha taratibu hadi mkwaruzo ukatike.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Shimano ilileta mkono unaohesabu, unaolia kwa kila gia, nami sina inda nao, maana mshindani wa mbio hana wasaa wa kusikiliza mnyororo. Lakini raha ile ina sharti lake: nafasi baina ya gia na gia lazima iafikiane na hesabu ya mkono, ilhali watengenezaji wamekuwa wakiibana kila walipozidisha gia. Kwa Shimano, magurudumu ya gia saba yana nafasi ya milimita 5, ya nane 4.8, na ya tisa takriban 4.35. Ufunge mkono wa gia saba kwenye gurudumu la gia tisa, na ile tofauti ya 0.65, ambayo kwa jicho si kitu, ukihama mara tatu imekwisha kukaribia milimita 2, na mnyororo umesimama karibu nusu ya njia kama mgeni aliyesahau mlango. Mkono wa msuguano hauna habari na hesabu hizo. Maadamu mnyororo ni mwembamba wa kutosha, gia tano na gia tisa kwake ni mamoja.

Magurudumu ya gia nyingi yalitaka pia fremu pana zaidi nyuma, lakini upana huo haukunishughulisha sana: ya chuma yenye milimita 126 huipanua kwa mikono ikapokea habu ya 130, ila ya alumini usiithubutu.

Nilichokithamini zaidi ni ile mikono ya Shimano ya kusukumwa kwa kidole gumba, iliyo na swichi ya kuizima hesabu. Niliitenga katika mkebe wake, na wauza mboga waliotoka shamba na matenga waliijua. Walipoitaka niliwafungia papo hapo, ila bei nilikuwa sipunguzi.